Ruzuku na Uhuru wa Hisani

Hisani ya watu na hazina ya serikali ni vitu viwili mbalimbali, lakini Uholanzi ilivioanisha. Mwaka 1956 Padri Simon Jelsma na wenzake waliunda Novib, shirika la kusaidia mataifa maskini kwa michango ya wananchi. Mwaka 1965 serikali ilianza kuligawia fedha, pamoja na mashirika ya Wakatoliki na Waprotestanti, kwa kazi za maendeleo ng'ambo.

Sababu ilikuwa njema: mashirika hayo yalifika vijijini, mahali ambapo mabalozi hawakufika. Ruzuku ikakua, kazi zikaenea; lakini mazoea yakazaa utegemezi. Hivyo tangu mwaka 2007 kila shirika lililoomba ruzuku lilitakiwa kupata robo ya mapato yake kwingineko. Mwaka 2024 serikali ikatangaza kwamba ingepunguza sana ruzuku hizo.

Kijito kikikauka, kiu humpata kwanza aliye mbali na chemchemi: mwanakijiji wa ng'ambo, asiyekuwa na kura katika nchi itoayo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Robo ile ilikuwa ndogo, lakini ndiyo iliyokuwa nanga ya uhuru.