Mkoba Uliolala Unyanyembe

"Intaneti imefika mlangoni lakini imekataa kuingia ndani." Hayo ndiyo maneno aliyonitumia ami yangu kutoka Itetemia, kwa kinywa cha mjukuu wake, kwani yeye mwenyewe masikio yake hayasikii vyema tena na simu haimfai. Kampuni moja ya mawasiliano ilikuwa imemfungia kisanduku cha intaneti ya kasi. Fedha zililipwa, taa zote zikawaka, lakini kompyuta yake haikufungua hata ukurasa mmoja. Nikavuka bahari kutoka Unguja, nikashika njia ya Tabora.

Sisi watu wa pwani njia hiyo tunaijua kwa pembe za ndovu, kwa shanga na kaniki, na kwa watumwa walioteremshwa nayo hadi Bagamoyo. Mara chache huikumbuka kuwa ni njia ya barua. Na barua, aghalabu, hazikupotea porini kama tudhanivyo. Zilifika. Kilichokuwa kigumu ni kuzitoa pale zilipofikia na kuzitia mkononi mwa mwenyewe.

Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mkoba wa Livingstone. Ulifungwa Unguja ukaandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ukakabidhiwa msafara wa kumpelekea mzee huyo mahitaji yake kule Ujiji. Stanley anaeleza kwamba alipofika Bagamoyo, miezi mitatu baadaye, alisikia kuwa msafara huo ulikuwa umekaa hapo muda wote huo. Hatimaye uliondoka, ukafika Unyanyembe, na hapo ukakwama tena, kwani njia ya Ujiji ilifungwa na vita baina ya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Mchukuzi wa mkoba, Stanley anamtaja kwa jina la Kaif-Halek, yaani "U hali gani?" Sijui jina gani lingemstahili zaidi tarishi wa barua. Basi Bwana U-hali-gani akakaa Kwihara na mkoba wake, si mbali na hapa nilipokuja kumtazama ami yangu, na barua zikalala.

Stanley mwenyewe alitumia siku 84 kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, akafika mwezi Juni 1871. Alipoondoka Septemba, akiuzunguka upande wa kusini ili kuikwepa vita, alimchukua tarishi pamoja na mkoba wake. Livingstone alipokabidhiwa, kwa hesabu ya Stanley, zilikuwa zimetimia siku 365 tangu barua zitoke Unguja. Mzee aliuweka mkoba magotini, akasoma barua moja mbili za wanawe, kisha akaufunga akataka kwanza asimuliwe habari za dunia kwa mdomo. Mtu aliyezoea kungoja hana pupa.

Miaka miwili baadaye barua nyingine ilipita hapo hapo, safari hii kwa kuelekea pwani. Mwezi Oktoba 1873 Chuma, mtumishi wa Livingstone, aliwatangulia wenzake waliobeba maiti ya bwana wao, akamfikishia Cameron, Mwingereza aliyekuwa Kwihara, waraka wa kumweleza kifo hicho. Aliyeuandika ni Jacob Wainwright, Myao aliyekombolewa utumwani akasomeshwa India. Wachukuzi wote walikijua kilichotokea. Wainwright ndiye aliyekitia katika karatasi kwa lugha ya yule aliyepelekewa. Hata Mirambo, ambaye jina lake lilitikisa njia nzima, alipotaka kusema na balozi wa Kiingereza wa Unguja alihitaji mkono wa kumwandikia, na mmoja wa waliomwandikia alikuwa Southon, tabibu na mmishonari aliyekaa Urambo hadi kufa kwake mwaka 1882.

Itetemia iko nje ya mji wa Tabora, na leo ni kata ya manispaa. Zamani ndiko walikokaa watemi wa Unyanyembe. Burton alimkuta huko Mtemi Fundikira mwaka 1857, na baba yake Tippu Tip, Muhammed bin Juma, alimwoa Karunde, binti wa mtemi huyo. Mtemi Isike aliwapinga Wajerumani hadi Januari 1893; askari wa Tom von Prince walipokuwa wakiingia ngomeni, alijilipua kwa baruti yake mwenyewe. Msomaji wa Unguja asiuone mji huu kuwa mbali. Nusu ya nyumba za Ng'ambo zina bibi aliyetokea huku, ingawa si kila nyumba hupenda kulisema.

Nilimkuta ami barazani, chini ya mwembe. Nikampa shikamoo kwa sauti ya kuita ng'ombe. Akaitika marahaba kwa sauti kama hiyo hiyo. Tangu hapo tulizungumza kwa daftari: mimi naandika, yeye anajibu kwa mdomo. Akanionyesha mashine. Ilikuwa sanduku la kijivu lenye kioo kilichobenuka nyuma kama kobe, nayo iliendeshwa na Windows XP, mfumo ambao watengenezaji wake waliacha kuushughulikia mwezi Aprili 2014. Mjukuu alikuwa amemshauri anunue simu ya kisasa. Ami hakutaka. Herufi za simu ni ndogo kwa macho yake, na vidole vyake vimezoea vibao vya taipu.

Na vidole hivyo vina historia yao. Mwaka 1879 waya wa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja, na habari za Ulaya zilizokuwa zikichukua majuma zikawa zinafika siku ile ile. Unyanyembe bado ilikuwa miezi mitatu kwa miguu. Kwa hiyo mtu wa Forodhani aliweza kujua kilichotokea London kabla ya kujua kilichotokea Tabora. Waya ulifuata bara katika enzi ya Wajerumani, na mwaka 1912 reli ikafika Tabora, ikaendelea hadi Kigoma mwaka 1914. Ami aliajiriwa katika reli hiyo akiwa kijana, akawa karani wa simu za nukta na mistari. Hadi leo akiwaza jambo utaona kidole chake cha shahada kinagonga mkono wa kiti, kifupi, kirefu, kifupi, na wala hana habari kwamba kinagonga.

Kompyuta hakuigusa mpaka alipostaafu, na lawama si yake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingizwa kompyuta nchini, baada ya mashine ya kuwekea hesabu za Hazina kuleta hasara badala ya nafuu. Televisheni nazo zilizuiwa Tanganyika, wakati sisi Unguja tulikuwa tukitazama ya rangi. (Tulijivuna sana kwa hilo, na nadhani bado hatujaacha.) Marufuku ilipolegezwa, kizazi cha ami kilikuwa kimeshafika utu uzima, na lugha ya mashine ilikuwa ngeni kwao mara mbili: ngeni kwa kuwa ni ya mashine, ngeni kwa kuwa ni Kiingereza. Ndiyo maana naihesabu kazi ya wale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, waliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, kuwa kazi ya fasihi kama kazi nyingine. Walikaa wakatafuta neno la kila kitufe. Mabishano ya tarakilishi, ngamizi na kompyuta hayajesha, lakini angalau tunabishana kwa Kiswahili.

Kisha ukaja mkongo. Mwezi Julai 2009 waya wa SEACOM ulianza kazi Dar es Salaam, EASSy ukafuata mwaka 2010, na kati ya 2009 na 2012 serikali ilijenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao mzingo wake wa magharibi unapita Tabora. Magazeti mengine huandika "mkonga". Wasahihishaji hukasirika, mimi huchekelea. Mkonga ni pua ya ndovu, na kama kuna mahali pa kuukaribisha mkonga unaotoka pwani kwenda bara, ni katika njia hii iliyotobolewa kwa ajili ya pembe zake.

Turudi kwenye mashine. Siku ya kwanza niliipoteza yote katika nyaya. Nilichomoa, nikachomeka, nikazima kisanduku, nikakiwasha. Kila kitu kilikuwa salama. Waya ulishika, mashine ikakiri kuwa imeunganishwa, na kila nilipofungua ukurasa kivinjari kilinijibu kwamba upande wa pili hauaminiki. Jioni ami aliuliza, "Mstari umekufa?" Nikaandika: Mstari mzima. Akasema, "Basi kosa liko stesheni, si njiani." Hiyo ndiyo elimu ya reli, na ningalimsikiliza asubuhi ningalipumzika.

Siku ya pili macho yangu yaliangukia pembe ya chini ya kioo, penye saa. Ilikuwa tarehe 1 Januari 2002. Nikairekebisha, nikazima, nikawasha: 1 Januari 2002. Ndani ya kompyuta kuna betri ndogo ya duara, mfano wa kifungo cha koti, ambayo kazi yake ni kukumbuka saa na tarehe wakati umeme umezimwa. Betri ile ilikuwa imekufa, na kila asubuhi mashine ya ami iliamka katika siku ile ile. Sasa, tovuti za leo hujitambulisha kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Mashine inayoishi mwaka 2002 ikionyeshwa cheti kilichotolewa juzi huona kuwa hakijaanza kutumika, na kwa adabu yake ya zamani hukikataa. Haikuwa na ubovu mwingine katika hilo. Ilikuwa mlinzi mwaminifu aliyepitiwa na zaidi ya miaka ishirini.

Tulikwenda mjini kwa fundi saa. Akatutolea betri iliyo sawasawa na ile, bei yake chini ya nauli yetu. Nilipomweleza ami katika daftari kazi ya kile kibetri, alikigeuzageuza kiganjani akasema, "Na mimi kama kinauzwa nitiliwe."

Tarehe ikatulia, lakini hatukufika. Tovuti huzungumza na kompyuta kwa mafumbo, ili mpita njia asidukize, na mafumbo hayo hubadilishwa kadiri wezi wanavyoyafumbua. Mashine ya ami ilijua mafumbo ya ujana wake tu. Ilikuwa kama kumpeleka mtu kwenye majibizano ya washairi naye hakusikia beti za miaka ishirini iliyopita: anasikia maneno, hajui anajibiwa nini. Ikanibidi niuondoe mfumo wake wote, niweke Linux nyepesi iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine kongwe. Kabla ya hapo nilinakili kila alichokihifadhi. Kilikuwa kichache: hesabu za shamba, orodha ya waliofariki katika ukoo na tarehe zao, na barua moja iliyoanza "Dada yangu mpenzi" na haikuendelea.

Dada huyo ndiye sababu ya yote. Aliondoka Tabora mwaka 1965 kumfuata mumewe, na tangu miaka ya sabini yuko Muskati. Wamezeeka pande mbili za bahari. Simu walipigiana hadi masikio ya ami yalipokataa, kisha wakawa wanapelekeana salamu kwa watoto, na salamu za watoto, ami alisema, ni kama chai iliyochujwa mara tatu.

Niliongeza ukubwa wa herufi mpaka neno moja likawa na upana wa kiganja. Ami akasogeza kiti. Nilidhani atatafuta vitufe kimoja kimoja, kumbe alipiga kwa vidole kumi bila kuvitazama. Juu kabisa akaweka tarehe, ya Hijria kwanza na ya miladi chini yake, akaigeukia saa ya mashine kuhakikisha kuwa zinapatana. Aliandika kwa saa mbili. Sikusoma. Alipomaliza akaniuliza itachukua siku ngapi, na nilipomwandikia kuwa imeshafika, alinitazama kama mtu aliyefanyiwa mzaha.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Mjukuu wa Muskati alikuwa ameipiga picha karatasi iliyoandikwa kwa wino, akaituma. Nikaifungua kiooni, nikakwama. Ilikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama walivyofunzwa wanawake wa umri wake, kwa mkono wa haraka usiotia irabu. Mimi niliyetoka Unguja kuja kumfungulia mzee barua zake sikuweza kusoma zaidi ya basmala na salamu.

Ami akanisukuma kando kwa upole. Akasoma kwa sauti kubwa ya viziwi, mjukuu akatoka jikoni kusikiliza, na jirani akasimama uani. Dada alimsalimu kwa majina yote ya utotoni. Akauliza kisima kama kingali na maji. Kisha akauliza kwa nini hakumjibu ile barua ndefu aliyomwandikia mwaka aliofariki mama yao.

Ami alinyamaza. Barua hiyo haikumfikia kamwe. Akaniambia nimfungulie ukurasa mweupe, akavuta kiti karibu, akaanza kupiga.