Kipimo cha Gari ni Kufika

Barabara inayotoka Mbalizi kupitia Galula hadi Mkwajuni, nchini Tanzania, humpima dereva kwa vumbi na makorongo wakati wa kiangazi, kisha kwa tope wakati wa masika. Anayeitegemea njia ya namna hiyo haulizi gari linakimbia kiasi gani. Anauliza kama litafika. Kwa swali hilo nataka kulipima Ford Escort RS1600, gari la mashindano la Uingereza linalosifiwa zaidi kwa injini yake. Injini ile ilistahili sifa, lakini barabara za Afrika Mashariki zinaonyesha kwamba ushindi wake ulibebwa na sehemu zisizo na umaarufu: ekseli, springi na bodi.

Mashindano ya magari ya Safari, ya Afrika Mashariki, yalianza mwaka 1953, na kwa karibu miaka 20 hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyeyashinda. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena. Ford za Uingereza zilishinda mwaka 1955 na 1964, zikiendeshwa na Vic Preston na Peter Hughes, madereva wa Kenya walioijua ardhi. Ndipo Pasaka ya 1972, Hannu Mikkola wa Ufini na msoma ramani wake, Gunnar Palm, wakaibuka washindi kwa Escort. Injini yake, kazi ya kampuni ya Cosworth, ilikuwa na valvu 16, nne kwa kila silinda, hivyo ilivuta pumzi vizuri kwenye mwendo mkali. Lakini nyuma kulikuwa na ekseli ya kipande kimoja juu ya springi za vyuma bapa, na bodi iliongezewa nguvu. Miaka miwili kabla, wawili hao walishinda mbio za magari za London hadi Mexico kwa Escort lenye injini iliyo rahisi kutengeneza. Ford iliiacha makusudi ile injini ya kisasa zaidi ya Cosworth.

Atakayepinga atasema kwamba gari lilijengwa Uingereza, na Afrika Mashariki ilikuwa uwanja tu. Ataongeza kwamba Peugeot 404 ya Ufaransa ilishinda Safari mara nne, mbili kati ya hizo, 1966 na 1967, ikiwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania, kwa hiyo Waingereza hawakuwa na siri yoyote. Ni kweli, na ukweli huo unaitia nguvu hoja yangu. Mfaransa na Mwingereza walifanya mtihani mmoja, na aliyeutunga hakuwa mhandisi wa kiwanda chochote bali korongo, jiwe na tope. Uwanja unaoamua kipi kiimarishwe na kipi kiachwe una sehemu yake katika uhandisi. Ndiyo maana springi za vyuma bapa, ambazo wapenda kasi waliziona za kizamani, bado zinabeba pikapu zenye mizigo kwenye barabara kama ile ya Galula.