Merikebu ya Mreno chini ya Fort Jesus

Miaka michache iliyopita, kazi ya kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi chini ya Fort Jesus ilizua mabishano Mombasa. Wapo waliolalamika kwamba yale mawe yanaitia kilema ngome iliyosimama tangu 1596, na wapo waliojibu kwamba bila mawe bahari ingeimega yote. Nilifuatilia maneno hayo redioni na barazani, na sikumsikia hata mmoja akitaja merikebu. Na merikebu ipo. Imelala ndani ya maji mbele ya ngome hiyo hiyo, umbali ambao kijana hodari wa Mji wa Kale angeuogelea bila kuhema sana.

Jina lake ni Santo António de Tanna. Ilijengwa Bassein, kaskazini ya Mumbai ya leo, mnamo 1681. Ilikuwa merikebu ya vita yenye mizinga zaidi ya 40, na ilizama Oktoba 1697 ikiwa imekuja kuwaokoa Wareno waliozingirwa ngomeni. Habari zake nyingi tunazipata kwa watu wa aina mbili tu: wanahistoria waliosoma barua za Goa na Lisbon, na wazamiaji walioishuka miaka ya sabini. Wa kwanza wanasimulia makapteni, wa pili wanasimulia mbao. Mswahili lazima umtafute katikati, lakini ukimtafuta unampata.

Kuzingirwa kwenyewe kunajulikana. Jeshi la Imamu Seif bin Sultan wa Oman lilifika Machi 1696, na ngome ikaanguka Desemba 1698, baada ya miezi 33. Kisichojulikana sana ni kipindi cha bahati mbaya cha 1697, pale maradhi yalipowamaliza waliokuwa ndani kwa kasi ambayo mizinga ya Waomani haikuifikia. Tarehe 28 Agosti alikufa kapteni António Mogo de Mello. Ngome ikabaki mikononi mwa Bwana Daud, kijana wa ukoo wa watawala wa Faza, akiwa na jamaa zake waliokuja naye, wanaume wachache Waafrika, na wanawake Waafrika wapatao 50.

Kwa nini mtu wa Faza amlindie Mreno ngome? Kwa sababu Faza na Pate, miji miwili ya kisiwa kimoja, ilikuwa na uhasama wa vizazi. Pate ilipoegemea Oman, Faza ilikuwa na hesabu zake. Vitabu vya shule vinavigeuza vita hivi kuwa ugomvi wa Mwarabu na Mreno, kana kwamba wenyeji walikaa pembeni wakingoja mshindi. Lakini katika wiki zile mbili na zaidi, bendera ya Ureno ilipepea kwa sababu watu wa pwani walizilinda kuta. Wale wanawake 50 hawana majina katika barua yoyote niliyoisoma, ila hesabu yao. Bila wao Santo António ingefika katikati ya Septemba na kuikuta bendera nyekundu ya Waomani.

Msaada wenyewe haukwenda mbali. Merikebu ilikatikiwa na amari zake, ikasukumwa na maji hadi mwambani, na ilipoelea tena ilikuwa imepoteza usukani. Ikasogezwa mbele ya ngome, na hapo ndipo ilipozama.

Ikakaa karibu miaka 270. Miaka ya sitini wazamiaji wawili wa Mombasa, Conway Plough na Peter Phillips, waliigundua, na habari ikafika kwa James Kirkman aliyekuwa msimamizi wa makumbusho ya Fort Jesus. Mwaka 1977 ukaanza uchimbaji kamili, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yakishirikiana na taasisi ya Kimarekani ya akiolojia ya baharini. Kiongozi wa uchimbaji alikuwa Robin Piercy, na kazi iliendelea kwa misimu hadi 1980.

Anayedhani kuzamia bahari ya joto ni kuelea juu ya matumbawe na samaki wa rangi, aulize habari za mlango wa Bandari ya Kale. Maji yakipwa, hutoka kwenye hori la Tudor na mikoko yake yakibeba tope, na mzamiaji hujikuta ndani ya kitu kama chai ya maziwa. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mkondo hupita kwa nguvu. Nafuu huja maji yakiwa yamejaa, bahari kuu ikiwa imeingiza maji yake safi na mkondo umesimama. Nafasi hiyo ni fupi.

Kina si cha kutisha, kama mita 15, lakini hapo shinikizo ni mara mbili na nusu ya la juu, na mtungi wa hewa unaomtosha mtu kwa saa moja kijuujuu humwishia upesi vivyo hivyo. Akikaa sana, naitrojeni hujikusanya mwilini, na akipanda kwa pupa humtoka kwa mapovu ndani ya viungo na damu. Kwa hiyo kazi ya siku nzima inagawanywa vipande vidogo, na katika vipande hivyo mtu anapima, anachora na kuandika chini ya maji. Tope lilinyonywa kwa bomba linalosukumiwa hewa kutoka juu, huku mkono ukipapasa kabla jicho halijaona.

Tope hilo hilo ndilo lililoihifadhi merikebu. Katika maji ya joto, ubao ulio wazi hutobolewa na wadudu wa baharini hadi ukaisha. Ndiyo maana mafundi wa majahazi hupaka shahamu. Upande wa kushoto wa Santo António, uliolalia mtelemko, ulizikwa mapema palipo na hewa kidogo, na mkuku na mataruma yakasalimika. Zikatoka sahani za Kichina, makasiki makubwa ya udongo, risasi za mizinga, mbao za nakshi. Vingi viko Fort Jesus.

Mwili wenyewe ulipimwa, ukafukiwa tena. Uamuzi ulikuwa wa busara: Wasweden waliiibua merikebu yao Vasa mwaka 1961 na wakainyunyizia dawa kwa miaka 17 ili isipasuke. Fedha hizo Mombasa hazikuwapo, na hazipo.

Tangu hapo mambo yamekwenda polepole. Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 inayalinda mabaki ya aina hii, ngome ikaingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2011, na sasa Kenya ina wanaakiolojia wazamiaji wake yenyewe, Caesar Bita akiwa anajulikana zaidi kwa kazi yake ya Malindi na Lamu. Hao ndio wanaopaswa kupewa mashua, mitungi na bajeti ya kuikagua Santo António kila mwaka, waone kama mchanga umehama baada ya ujenzi ule wa mawe. Makumbusho nayo ikiongeza kibao kimoja juu ya ukuta unaotazama bahari, kiandikwe Kiswahili, na jina la Bwana Daud wa Faza litangulie ya makapteni.