Nafasi ya Mwenzake

Kijana aliyewahi kuketi kando ya uwanja siku ya fainali, huku mwingine amevaa jezi aliyoitamani yeye, atayaelewa upesi mazungumzo yetu ya leo.

Vivian Woodward alizaliwa London mwaka 1879. Kazi yake ilikuwa kuchora ramani za majengo. Mpira aliucheza kwa kuupenda tu, bila mshahara. Hata hivyo aliwapita wengi waliolipwa. Aliifungia Uingereza mabao 29 katika mechi 23, akawa kapteni wa timu iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mwaka 1908, na tena 1912. Medali ya Kombe la FA hakuwa nayo.

Vita vilipozuka mwaka 1914 alijiunga na jeshi, na baadaye akawa afisa katika kikosi cha 17 cha Middlesex, kilichojulikana kama kikosi cha wanampira. Aprili 1915 klabu yake, Chelsea, ikafika fainali. Mshambuliaji wao Bob Thomson, mtu mwenye jicho moja, alikuwa ameumia kiwiko, ikadhaniwa hatacheza. Woodward akapewa ruhusa jeshini, akaenda Manchester. Alikuwa na umri wa miaka 35, tena vita vinaendelea. Fainali nyingine angeipata wapi?

Kumbe Thomson aliweza kucheza. Sasa ndugu msikilizaji, jiweke hapo. Jina lako ni kubwa, umesafiri, ruhusa unayo, na mwenzako ana kiwiko kibovu. Woodward alikataa kabisa. Thomson ndiye aliyesaidia kuifikisha timu pale, basi acheze Thomson.

Chelsea ilifungwa 3-0 na Sheffield United, mbele ya umati uliojaa askari. Wako watakaosema kwamba Woodward angeingia, mambo yangekuwa mengine. Labda. Yeye hakuichezea Chelsea tena.

Januari 1916, huko Ufaransa, bomu la mkono lilimjeruhi pajani. Alipopona alirudi vitani mwaka huohuo. Vita vilipokwisha akawa mkulima, na kwa miaka kadhaa mmoja wa wakurugenzi wa Chelsea.

Mwaka 1953 mwandishi wa habari alimkuta kitandani katika nyumba ya kutunzia wagonjwa, London. Mzee alimlalamikia kwamba wenzake wa mpira hawajaja kumwona kwa muda mrefu. Alifariki Januari 1954.