Mama wa sokoni analipa, dhahabu inasamehewa

Hapa Runingu, mama muuza mihogo hulipa ushuru kila siku ya soko. Dhahabu ya Kivu Kusini ilipewa njia nyingine. Oktoba 1996, waasi wa AFDL waliteka Uvira na Bukavu. Februari 1997, serikali ya Mobutu, isiyokuwa tena na mamlaka huku kwetu, ilitia sahihi mkataba wa dhahabu hiyo na kampuni ya Banro ya Kanada. Kabila aliufuta mwaka 1998. Mwaka 2002 ukarudishwa. Mgodi wa Twangiza, kule Mwenga, ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2011, ulikuwa na msamaha wa kodi wa miaka 10. Hisa zake zilishikwa na kampuni iliyoandikishwa Barbados. Msamaha huo uliandikwa kwenye mkataba wenyewe. Mama wetu naye, aombe wapi wa kwake?