Biashara za kijamii jijini Nairobi

Biashara ya kijamii huuza bidhaa au huduma ili kutatua tatizo la jamii, na hujiendesha kwa mauzo badala ya kutegemea misaada peke yake. Nairobi ina nyingi. Sanergy iliweka vyoo vyake vya kwanza katika mitaa ya Mukuru mwaka 2011, na taka zake zikageuzwa mbolea na chakula cha mifugo. M-KOPA ilianza kuuza sola kwa malipo ya kidogo kidogo kupitia M-Pesa, kisha ikavuka hadi Uganda. Ocean Sole hutengeneza vinyago kwa ndara kuukuu zinazookotwa ufukweni na kuviuza nje.

Kisheria, "biashara ya kijamii" si aina ya usajili nchini Kenya. Utakuta kampuni, chama cha ushirika au shirika la manufaa ya umma. Kwa hiyo jina hilo peke yake halileti msamaha wa ushuru mpakani. Misamaha hutolewa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004.

Msafirishaji akiambiwa mzigo umesamehewa, aombe hati kabla ya kupakia. Lori likizuiwa Namanga au Busia, siku za kusubiri ni hasara yake.