Nam June Paik na Televisheni Zinazokufa
Wahakiki wetu hupenda kutenganisha fani na maudhui. Nam June Paik, mzaliwa wa Seoul mwaka 1932, anawapa taabu. Mwaka 1963 huko Wuppertal, Ujerumani, alionyesha televisheni alizozichokoa ndani hadi picha zikapinda; yaani chombo chenyewe ndicho kilichosema. Mwaka 1988 akasimamisha mnara wa televisheni 1,003 huko Korea Kusini. Alifariki 2006, nazo zikazidi kuchakaa, na 2018 mnara ukazimwa. Mafundi wakazifufua nyingi. 266 wakazitia vioo bapa vya kisasa, sura ya nje ileile. Ukawashwa tena 2022. Yupo atakayesema eti hiyo si kazi yake tena. Basi, utenzi ulionakiliwa upya baada ya mchwa kula karatasi, nao tumpe nani?